Sehemu Waliyoizima

Nshamba, Jumamosi mchana

Koku mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Nimezichapa nyingi, nazijua. Hali yako sina haja ya kuiuliza. Uko upande wa pili wa ukuta huu, na nasikia zipu ya begi ikifunguliwa tena. Asubuhi lilikuwa limejaa. Sasa unatoa nguo moja moja unazirudisha kabatini, na unadhani mimi nimeinama hapa ofisini nahesabu karatasi.

Begi hilo utalijaza tena kwa mikono yako ukimaliza kusoma. Meli ya Mwanza inaondoka Bukoba kesho jioni, na gari litapita hapa mlangoni baada ya misa. Mambo ya foronya, ya dawa za malaria, ya kushona hela ndani ya pindo na ya wanaume wa kwenye treni umeshaambiwa na shangazi yako. Kwenye wanaume ameongeza chumvi, lakini si nyingi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile neno ulilolisema juzi jikoni ukiwa umenipa mgongo, unamenya ndizi.

"Mama, wewe uliishia kidato cha pili ukafika hapa. Mimi nina cha sita. Chuo cha nini? Nikae tu, tufanye kazi wote wawili. Pentiamu yako, ile kompyuta ya zamani yangu. Inatosha."

Sikukujibu, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na unanijua, nikikasirika Kiswahili kinanikimbia namalizia kwa Kihaya, na kwa Kihaya ningekuambia mambo ambayo yasingetoka tena masikioni mwako. Leo hasira bado ninayo, ila nimeipanga.

Na asubuhi ulipoingia hapa ukakuta mashine ya zamani imefunikwa kanga, ukauliza kuna nini, nikasema vumbi. Halikuwa vumbi. Nitalifikia.

Kwanza turudi Krismasi.

Mjomba wako Mugisha alikuja kutoka Dar amepakata boksi la kompyuta mpya, hii Pentiamu, magotini njia nzima kama mtoto mchanga. Hata kikapu cha maharage nilichompelekea stendi hakukipokea, mikono haikuwa na nafasi. Akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, pembeni ya ile ya kwetu ambayo mradi wa yatima waliniachia walipofunga ofisi, akazifungua zote mbili vifuniko kama mtu anayepasua kuku. Ulisimama begani kwake. Mimi nilikaa kwenye kigoda na saa ya marehemu baba yako mkononi, kwa sababu ulikuwa umesema, "Mjomba, tuzishindanishe."

"Dada," akasema Mugisha akipuliza vumbi la ya kwetu, "hii ni ya kupeleka makumbusho."

"Makumbusho yako ndiyo yanayochapa barua za parokia nzima."

"Inachapa kwa sababu haijaambiwa kwamba imeshakufa."

Tukacheka wote. Hata mimi, ninayejua ninachokijua kuhusu damu yangu, nilicheka. Utani ukiwa mzuri nauchukua, sijali umetupwa upande gani.

Wewe ukaandika programu mbili ndogo. Ya kwanza ilikuwa ya kujumlisha namba nzima, nzima tupu, mamilioni na mamilioni ya mara. Ya kwetu ikachukua dakika moja na sekunde chache. Pentiamu nilipoangalia mshale wa saa, imeshamaliza. Nikaandika sekunde moja na nusu kwa kukadiria. Mjomba akapiga makofi: "Mara arobaini na ushee!"

Mimi nikauliza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Ya kwetu moyo wake unapiga mara milioni ishirini na tano kwa sekunde. Ya kwake milioni mia tano. Hiyo ni mara ishirini. Arobaini imetoka wapi?

Na hapo nampa haki yake Mugisha, alinieleza vizuri. Alisema ile ya zamani ni kama mwanamke mmoja jikoni, anamenya ndizi moja moja, na kila akiishiwa anatoka kwenda kibanjani kukata mkungu mwingine. Kwenye hii mpya anamenya haraka zaidi, ndiyo, lakini pia wako watatu wanamenya kwa pamoja, na mkungu umeshaletwa umeegemezwa mlangoni kabla hawajauhitaji. Pigo ni lile lile moja, ila ndani ya pigo kazi ni nyingi. Nikaelewa. Nikaridhika.

Ndipo ukaweka programu ya pili, ya desimali. Kugawanya, kutafuta kipeuo, kugawanya tena. Pentiamu ikamaliza kwa sekunde tano. Ya kwetu ikakaa kimya. Tukasubiri. Nikamenya ndizi za watu sita. Shangazi yako akachungulia akauliza kama imeharibika, ukamwambia, "Bado inafikiri." Akasema, "Basi ifikirie haraka, kuna watu wana njaa." Sufuria imeshaanza kuchemka ndipo jibu likatokea kwenye kioo. Ukayalinganisha majibu mawili, tarakimu kwa tarakimu mpaka ya mwisho. Yalikuwa sawasawa.

Ulifurahi sana. Ulisema, "Unaona, mjomba? Bibi wa makumbusho kafika!"

Mimi nilikuwa nagawanya. Dakika ishirini na tano ni sekunde elfu moja na mia tano. Gawanya kwa tano. Mara mia tatu.

"Mugisha," nikamwambia, "ishirini naielewa. Arobaini umenieleza. Mia tatu imetoka wapi?"

Akainama na miwani yake, akasoma maandishi yaliyo mgongoni mwa prosesa, kile kibao kidogo kinachoifanyia mashine hesabu zake zote. "Aaa," akasema. "Hii ni ile SX."

"Ndiyo nini?"

"Zilikuwa za aina mbili, dada. Moja ina sehemu ya kufanya hesabu za desimali humo humo ndani, hiyo ya bei kubwa. Nyingine haina, ya bei ndogo. Hii ndiyo ile isiyo nayo."

"Hawakuiwekea?"

"Zile za mwanzo walikuwa wameiweka. Imo. Waliizima tu."

"Ilikuwa mbovu?"

"Nyingine labda. Nyingine zilikuwa nzima kabisa."

"Sasa kitu kizima unakizimia nini?"

"Ili wapate ya kuwauzia watu wa chini. Biashara, dada!" Akanyoosha mkono kwenye karanga. "Baadaye walipoona soko lipo, wakaacha hata kujisumbua kuizima. Wakaanza kuzitengeneza bila hiyo sehemu tangu mwanzo. Kwa nini uweke kitu ambacho hutaki kitumike?"

Nikasimama nikatoka. Nilisikia ukisema, "Mama anaionea huruma chuma," na mjomba wako akicheka. Mlidhani nimekwenda kukata majani ya kufunikia sufuria. Nilikwenda kusimama katikati ya mibuni ya baba yako, na nikakaa huko mpaka majani mkayakata wenyewe.

Nikuambie nilikuwa wapi.

Nilikuwa Kamachumu, kwa wazazi wangu, nina miaka kumi na sita, na vita ya mpakani imekwisha.

Vita ilipoanza nilikuwa shuleni Bukoba, kidato cha pili. Hesabu nilikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali kidogo. Shule ikafungwa, masista wakatupakia kwenye lori la kahawa wakaturudisha makwetu. Mugisha naye akarudi kutoka shule yake, kidato cha kwanza. Watu wa upande wa Kyaka walikuwa wanateremka na magodoro kichwani na mbuzi mkononi, wanalala kwenye migomba yetu, na mama anapika sufuria mbili badala ya moja. Katikati ya hayo yote mimi na Mugisha tulikuwa na meza moja na taa moja. Milinganyo ya aljebra nilimfundisha mimi. Ukimuuliza hatakataa. Alikuwa anashindwa kuvusha namba upande wa pili wa alama ya sawasawa, kila akivusha anasahau kugeuza alama. Nilimpiga vidole na rula mpaka akashika.

Shule zilipofunguliwa, tata, yaani babu yako, alishusha sanduku kutoka darini. Sanduku moja. Mimi na Mugisha tulikuwa tumesimama pale, na wote wawili tunajua kuhesabu.

"Kahawa haikuuzika," tata akasema. "Mugisha atarudi. Wewe umeshajua kusoma na kuandika. Inatosha."

Umelisikia neno? Ndilo neno lako la jikoni. Lilipotoka mdomoni mwako juzi, ndizi nazo ziko mkononi mwako, nilimwona tata amesimama nyuma yako.

Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni nikasema, "Ego waitu, tata." Ndiyo, baba. Kisha nikaenda kupiga pasi mashati ya Mugisha. Sikulia hata kidogo, nikajisifu moyoni kwamba sikulia. Hilo nalo waliokuwepo walilisifia: binti gani huyu mtulivu. Mwaka uliofuata nikaolewa.

Kwa hiyo siku ya Krismasi, pale mibunini, nilikuwa narudia maneno ya mjomba wako kama mtu anayesoma hukumu. Ilikuwa nzima. Waliizima ili wapate ya kuwauzia watu wengine. Miaka yote nilijiambia labda kulikuwa na upungufu mahali. Labda ningekuja kushindwa mbele, huko kwenye kidato cha nne. Mtu akikuzimia kitu, kazi ya kutafuta sababu anakuachia wewe. Koku, sababu haikuwepo. Lilikuwepo sanduku moja na watoto wawili.

Sasa nije kwenye ile "ukafika hapa" yako.

Unajua mashine isiyo na sehemu ya desimali inafanyaje ukiipa desimali? Haikatai. Mugisha alinieleza jioni ile, nilipokuwa nimetulia. Inachukua ile hesabu moja inaivunja vipande vidogo vidogo vya namba nzima, inajumlisha, inasogeza, inatoa, inasogeza tena, hatua kwa mamia, na kila hatua ni sahihi. Ndiyo maana jibu linafika lile lile. Wewe ulishangilia jibu. Nataka uangalie njia.

Kazi hiyo naijua kwa mwili wangu. Baba yako alipofariki nilikuwa najua kupiga taipu kwa vidole viwili, basi. Mradi wa yatima ukaniajiri kuchemsha chai. Mashine ilikuwa mezani na karani wao hayupo, mgonjwa, na baadaye hayupo kabisa. Nikaomba nijaribu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa Kiingereza kitupu. Nilikisoma na kamusi pembeni, na ukurasa mmoja uliweza kunimalizia wiki, kwa sababu ndani ya maelezo ya neno kulikuwa na neno lingine la kutafuta. Mugisha angekisoma chote akinywa chai, tena chai niliyomchemshia mimi. Kwamba kazi isipohifadhiwa inapotea, sikuisoma popote. Niliijua siku umeme ulipokatika na kurasa tisa zikaenda nao.

Na wasifu wa marehemu. Hukuwa mdogo, unakumbuka. Ukimwi tulikuwa tunauita Juliana, kwa jina la yale mashati ya magendo yaliyotoka ng'ambo ya mpaka wakati ule ule ulipoanza kutuua. Tulizika, tukazika. Zamani msiba mmoja ulisimamisha majembe kijiji kizima kwa siku nyingi. Ikafika wakati wazee wakazipunguza, maana tungekufa njaa tukiwa bado tunaomboleza. Kibanjani watu hawagusi jembe, na mimi hapa printa inalia. Ilikuwa inasikika mpaka sokoni. Ikianza tu, wauza samaki wanaulizana: "Leo nani?" Kuna mama alisimama mlangoni hapo akaniambia mbele ya wateja, "Wewe mwenzetu msiba kwako ni mavuno." Miezi michache baadaye alikuja kuchapisha wa mumewe. Nilimchapia kurasa nzuri kuliko za mtu yeyote, na nilihakikisha anaona kwamba ni nzuri.

Lakini nilikuwa sijui. Nilikuwa na wasifu mmoja ndani ya mashine, kila mteja akija nabadilisha majina. Siku moja nikagundua amri ya kubadilisha neno kila lilipo kwa mara moja. Nikaona nimepata dhahabu. Marehemu wa kwanza alikuwa Paulo, wa pili Rwegoshora. Nikabonyeza, nikachapa, nikafunga bahasha. Kaburini katekista akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani kwamba marehemu alibatizwa katika kigango cha Mtakatifu Rwegoshora. Akasita. Akarudia, labda macho yanamdanganya. Mtakatifu Rwegoshora. Watu wote wanajua Rwegoshora alikuwa mtu wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na wa kuwapa wanawake lifti kwenye pikipiki. Mjane ndiye aliyecheka kwanza, ndipo wengine wakathubutu. Alinishika mkono baadaye akasema, "Umempandisha cheo, angefurahi." Alinisamehe pale pale. Mimi sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Leo nakusimulia tunacheka wote. Lakini fikiria. Jambo lile mwalimu analieleza kwa sentensi moja asubuhi, saa nne mnakwenda kunywa chai. Wewe utakosea darasani, mbele ya mtu anayelipwa kukusahihisha. Mimi nilikuwa nakosea makaburini.

Hizo ndizo mara mia tatu. Kila nilichokijua nilikilipia mara mia tatu, na siyo kwa sababu nilikuwa mzito.

Hapa nina lawama na mtu, na mtu huyo ni mimi. Hadithi yangu nimekusimulia vibaya. Wageni wakija, mapadre, watu wa miradi, wanasema, "Mama huyu, kidato cha pili tu, angalia ofisi!" na mimi nanyoosha kanga naanza: nilivyoanza na chai, nilivyosoma na kamusi. Wewe umekaa pale mlangoni unasikiliza tangu ukiwa na miaka kumi. Uliisikia kama wimbo. Sikuwahi kukuambia inagharimu nini, kwa sababu sifa zilikuwa tamu na nilikuwa sijazizoea. Kwa hiyo umekua ukiamini kwamba kuna njia mbili za kufika, ya shule na ya mama, na kwamba ya mama ni ya kishujaa zaidi.

Usinisifu tena kwa hilo. Wanaopenda kusifu mashine za zamani ni watu ambao hawakuzitumia kwa shida. Ile yetu haikuwa nzuri, Koku. Iliuzwa pungufu kwa makusudi, na tuliitumia kwa sababu ndiyo tuliyopata. Jana nimechapa kwenye Pentiamu barua sita kabla chai haijapoa, na sikuikumbuka ile nyingine hata mara moja.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni lile la mwisho alilosema mjomba wako huku anatafuna karanga. Kwamba mwanzo waliiweka wakaizima, na baadaye wakaanza kutengeneza zisizo nayo kabisa. Bibi yako aliokota senene maisha yake yote na hakuwahi kuzila mbele ya babu yako, ilikuwa mwiko kwa mwanamke. Alizitaka; nilimwona akilamba vidole jikoni. Alizimwa, lakini yeye alijua. Mimi nilizimwa nikapiga magoti, lakini nilijua, kwa sababu cheti cha hesabu nilikuwa nacho. Wewe hakuna aliyekuzima. Ada imelipwa, nafasi umepewa, jina lako limebandikwa huko Dar. Na umekaa chini na begi wazi, unajiambia mwenyewe kwamba inatosha. Sasa nani amelisema hilo? Tata amekufa. Hicho ndicho kilichonitia hasira juzi. Mimi walihitaji vita nzima kunirudisha nyumbani. Wewe unarudi kwa hiari yako na unasema ni kwa ajili yangu.

Haya, tuiseme hiyo "kwa ajili yangu," maana najua ndiyo iliyo chini ya mengine yote.

Unasikia kikohozi changu mvua zikinyesha. Majibu ya damu yangu nilikuonyesha mwenyewe ulipokuwa kidato cha tano, kwa sababu sikutaka uyasikie sokoni. Unafikiri ukiondoka kesho utarudi kuzika.

Sikiliza. Baba yako alipofariki ukoo wake walikaa kikao hapa uani. Ulikuwa umelala. Mimi niliwapelekea kahawa ya kutafuna nikawasikia wakipiga hesabu. Mmoja alitaka nitolewe kwenye kibanja hiki mara moja. Mkubwa wao akamtuliza: "Ya nini ugomvi na mahakama? Miaka miwili huyu atamfuata mumewe. Tusubiri." Wakakubaliana wasubiri. Ndiyo sababu kibanja hiki tunacho mpaka leo, Koku. Hawakutuonea huruma, walipiga hesabu. Hesabu yenyewe ilikuwa mbaya.

Imepita miaka kumi. Wawili kati ya waliokaa kwenye kikao kile wasifu wao nimeuchapa mimi, na sikukosea jina hata moja.

Sikupi ahadi kwamba nitaishi milele, sijui dawa zitatufikia lini huku, na siwezi kukudanganya kwa namba. Ninachokuambia ni kwamba mimi nimeshazoea kuhesabiwa vibaya. Usiwe na wewe kwenye kikao kile. Ukibaki hapa kunisubiri, utakuwa umekaa nao uani, hata kama umekaa kwa machozi.

Shangazi yako atalala hapa. Binti wa jirani ataninunulia samaki. Hayo yamepangwa.

Sasa kuhusu vumbi.

Jana ulipokwenda kuaga Muleba, nilizima mashine ya zamani, nikafungua kifuniko, nikanyanyua kile kishikio kidogo cha pembeni kama Mugisha alivyonionyesha, nikaing'oa prosesa. Ina miguu mia moja sitini na minane, myembamba kama ya siafu, na hakuna hata mmoja uliopinda. Chini ya kanga kuna boksi la chuma na nyaya tu, na printa imeshahamia kwa Pentiamu. Kwa hiyo ile kazi uliyojipangia, "ya zamani yangu," haipo. Ofisi hii ina mashine moja na kiti kimoja, na kiti nimekikalia.

Prosesa iko kwenye begi lako. Ingiza mkono mfuko wa ndani, ule ambao hujaufungua, utakuta kiboksi cha miwani ya baba yako. Imo humo, nimeizungushia pamba.

Mugisha anasema kwa nje hazitofautiani, zile zilizozimwa na zile zilizotengenezwa bila. Lazima ipasuliwe, iangaliwe kwa darubini na mtu aliyesomea. Kasomee. Siku utakapokuwa unajua unachokitazama, ipasue uniangalizie. Nataka kujua ya kwetu ni ipi. Kama sehemu ile ilikuwemo muda wote huu, humu ndani, mezani kwangu, inasubiri, nataka niambiwe na mtu wa damu yangu ambaye ameiona kwa macho yake.

Usikimbilie jibu. Soma mpaka uwe na uhakika, halafu niandikie.

Nitakuwepo kuipokea.

Mama yako